Dada Uko Wapi na Matembezi ya Gari la Wagonjwa

Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na poleni kwa jua, mimi ni mdogo wake marehemu, yule anayemfuata, nimetumwa kusoma kwa sababu wenzangu wote wamesema watalia, kana kwamba mimi sina machozi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, kifungua mimba wa fundi cherehani na muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akasoma shule ya msingi ya ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya wasichana hadi 1981, ambako alisifiwa kwa hesabu na kuadhibiwa kwa ajili ya mdomo wake.

Tarehe 1 Februari 1984 aliajiriwa hospitalini kupokea simu za dharura, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka jana, na kwa kuwa swali lake la kwanza kwa kila mpigaji lilikuwa uko wapi, mji mzima ukamwita Dada Uko Wapi. Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala, mtu wa maneno machache, tukasema afadhali, nyumba hiyo isingebeba wasemaji wawili, wakajaliwa mwana, anayefanya kazi karakanani na baba yake, na binti, muuguzi, anayefanya kazi nchi za mbali.

Mwaka 2009 gari pekee la wagonjwa liliharibika njiani, huku dada akiwa kwenye simu na baba mmoja wa kijiji cha juu mlimani, mwanawe anashindwa kupumua, akakaa naye mpaka yule baba akasema basi, dada, asante, gari liacheni tu. Siku hiyo dada hakula. Kesho yake akatangaza matembezi ya hisani, kutoka lango la hospitali mpaka kijiji kile, tuchangie gari jipya na tuijue kwa miguu njia ya gari ambalo mgonjwa analingoja.

Matembezi ya kwanza, tarehe 10 Oktoba, jamani! Alitupangia njia kwa alama alizozisikia kwenye simu miaka yote, pinda kwenye mkahawa wa kijani, fuata mti mkubwa, kumbe mkahawa ulishapakwa rangi nyeupe, mti ulishakuwa kuni, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga huko, tukaishia kwenye machimbo ya mawe, daktari mkuu na raba zake mpya, mimi na viatu vya kuazima, na dada yuko mbele, hataki kukubali kwamba tumepotea. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma, akanuna, halafu akacheka kutushinda sote. Tangu hapo alitangulia kuikagua njia kila mwaka, watembeaji wakapaka namba kwenye malango yote, ya mjini na ya njiani, dereva asipotee, na mwaka wa tano gari likanunuliwa. Lango lake tu halikupakwa, maana nani asiyejua kwa Dada Uko Wapi?

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua, binti akamtaka aache milima, dada akamjibu kwa ule ukali wake, wakakosana, wakakaa zaidi ya mwaka bila kusemezana, na binti mwenyewe ameniruhusu kulisema. Dada aliniambia haogopi kufa, anaogopa kufa hawajapatana, lakini kupiga simu yeye kwanza, hapo shingo ilikuwa ngumu.

Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, asubuhi, alianguka jikoni, shemeji akapiga simu, mpokeaji mgeni akamuuliza yuko wapi, shemeji akawa anasema nyumbani, nyumbani. Dada akaiomba simu palepale sakafuni, akasema kwa sauti yake ya kazini, mgonjwa ni mwanamke, miaka sitini na moja, ana fahamu, pinda kulia baada ya karakana ya seremala, lango lisilo na namba, kosa ni langu.

Gari la matembezi likafika. Jumamosi binti akaingia wodini na begi lake mkononi, nasikia walianza kwa kugombana, wakamaliza binti akimchana mama yake nywele, na Jumatatu tarehe 10, saa kumi jioni, dada akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliotuambia bila gari asingefika hospitali, dereva, majirani mliomlisha shemeji, na wenzake wa chumba cha simu. Nanyi mliotembea, mkarudi na malengelenge mkilalamika, mtazameni binti huyu aliyekaa mbele, alimkuta mama yake anaongea.

Pumzika kwa amani, dada yangu, mmepatana.