Mwalimu Paskazia na Majaribio ya Ukutani

Baba Paroko, viongozi, walimu na majirani wa Idete, mimi ni Evod, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na nitasoma polepole, kwa sababu dada yangu hakuwapenda watu wanaoharakisha maelezo.

Mwalimu Paskazia Kelestini Lihenge alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 hapa Idete, mtoto wa tatu wa Mzee Kelestini na Mama Justa, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1987 hadi 1993, sekondari Ifakara na Morogoro, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya sayansi na ualimu mwaka 2004.

Januari 2005 aliajiriwa kufundisha kemia katika sekondari ya kata, jirani na kijiji cha Mkula, shule isiyokuwa na maabara, na tarehe 14 Julai 2007 alifunga ndoa na shemeji yetu Makoye, mfugaji, tuliyemtania sana kwa ng'ombe wake na ambaye amemuuguza dada kuliko sisi wa damu, wakajaliwa watoto wawili, Nyamizi na Venance.

Mwaka 2016 alipata projekta iliyokwishatumika, akaanza kurekodi kwa simu majaribio aliyoyafanya kwenye maabara ya kuazima, akawaonyesha wanafunzi ukutani, wakaipenda kemia mpaka wakaisimulia nyumbani, lakini Novemba 2018, kwenye mtihani wa vitendo, hakuna aliyejua kufungua koki ya bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, kwa kuwa dada alikuwa amerekodi rangi inavyobadilika tu, mikono yake haikuonekana, na karibu darasa zima likafeli. Aliwaita wazazi, akasema kosa ni lake, akalia mbele yao, kisha akageuza utaratibu, mwanafunzi akawa anashika kifaa kwanza, hata kama ni bomba la sindano, mwenzake anamrekodi, halafu wote wanatazama ukutani alipokosea, wanamcheka na kumsahihisha, na mwaka 2021 walifaulu thelathini na wanne kati ya arobaini.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Ifakara na Dar es Salaam, na hata kitandani aliendelea kupokea video za kidato cha nne na kuzisahihisha, nami kwa hasira nilimnyang'anya simu siku mbili, akagoma kula mpaka nikairudisha. Alifariki Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na Mwalimu Osward aliyeshika vipindi vyake.

Tangu asubuhi wengi mmeniuliza wanafunzi wake wa kidato cha nne wako wapi, na wengine mmenung'unika kwamba hawana shukrani. Marehemu aliagiza, mbele yangu na shemeji, kwamba akizikwa siku ya mtihani asiondolewe mtoto hata mmoja, na leo Jumanne, saa hii ninaposoma, wote thelathini na wanane wako kwenye mtihani wa kemia kwa vitendo.

Pumzika, dada, hakuna aliyekosa mtihani kwa ajili yako.