Hippolyte Kapinga, Mtu Aliyekataa Kuandika "Safi Sana"

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bwana Hippolyte Kapinga anastaafu mwisho wa mwezi huu kutoka Nyumba ya Kumbukumbu za Ziwa, hapa Nchelenge. Nimeombwa niandike habari zake kwa furaha na kwa ufupi. Mwenyekiti ameahidi kutolisoma jarida hili, kama kawaida yake, kwa hiyo nina nafasi.

Alivuka ziwa kutoka Pweto mwaka 1994 akaajiriwa kuwa mlinzi. Kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulinda isipokuwa nyavu mbili na ngoma iliyopasuka, alianza kusoma vitabu vya sarafu vilivyoachwa na mmisionari mmoja. Miaka minne baadaye alikuwa mtu pekee kutoka Puta hadi Mofwe aliyejua kupima hali ya sarafu ya kale. Uongozi ulimpa cheo cha Mkuu wa Kitengo cha Sarafu. Kitengo kilikuwa yeye.

Alipima vilevile siku zote. Alishika sarafu kwa ukingo, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia kwanza sehemu zilizoinuka, maana hizo huchoka mapema. Kisha herufi, tarehe, kutu ya kijani. Mwisho aliinusa. Wageni walidhani ni mambo ya uganga.

Mwaka 2019 Mama Emilienne, mkimbizi anayelima mihogo kambini, alileta sarafu ya shaba ya santimu kumi, ya mwaka 1888, yenye tundu katikati na nyota kulizunguka. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa imeungua mara moja, na aliogopa kuipoteza.

"Ni ya nkambo wangu, mama ya mama," alisema. "Alikuwa anaivala mu shingo. Niko naomba mutu anitunzie."

Hippolyte aliigeuza kwa muda mrefu. Aliandika kwenye rejista: "Nzuri. Ncha moja ya nyota imefifia. Alama ya kamba kwenye tundu." Mama akauliza kama aisugue kwanza, iwe na heshima.

"Hapana, Mama, usiisukule. Hii rangi ya kahawa, njo miaka yake. Ukiitosha kwa kuisugua, hairudi tena."

Mwezi uliofuata tulipata habari kwamba mtaalamu wa makumbusho anakuja kuamua kama mkusanyo wetu unafaa kutunzwa hapa au uhamishiwe mjini. Mwenyekiti wetu, Bwana Chabu, alishughulikia jambo hilo kwa umakini: aliagiza bango lenye picha yake, kisha akaingia chumba cha maonyesho akashtuka.

"Vyote vyeusi! Mugeni atasema sisi bachafu."

Hippolyte alikuwa ametoka uwanjani, penye mwanga zaidi, kuipima tena sarafu ya Mama Emilienne. Zilizobaki kumi na moja zilisuguliwa kwa limau na majivu mpaka zikang'aa kama sufuria za harusi. Aliyezisugua alikuwa msaidizi mpya aliyetaka kumpendeza Mwenyekiti. Msaidizi huyo ni mimi.

Hippolyte alirudi. Alizinusa moja moja, zote kumi na moja, akaketi. Afadhali angenitukana. Kisha akafungua rejista.

Bwana Chabu alimwamuru aandike "safi sana". Akakataa. Akaambiwa kwamba kuna vijana wengi wanaojua kuandika maneno mawili. Alikuwa na mke, Marthe, na watoto watano, wawili wakiwa shuleni Mwansabombwe. Aliandika mara kumi na moja, kwa mwandiko wake mzuri: "Imesuguliwa hapa kwetu. Haitengenezeki." Jina langu hakuliandika popote. Kesho yake alihamishiwa getini.

Mtaalamu alikuja, mama mmoja mpole mwenye lupu, kioo cha kukuzia. Alizipita sarafu zinazong'aa bila kusimama, akachukua rejista akaisoma kwa nusu saa huku Mwenyekiti akimweleza kuhusu bango.

"Nani ameandika hii?"

"Ofisi yangu," alijibu Bwana Chabu.

"Basi mkusanyo ubaki hapa. Sarafu nyingi mmeziharibu, lakini angalau kuna mtu asiyedanganya."

Bwana Chabu alipongezwa kwa uaminifu, akapata cheti, akakitundika. Nilikwenda getini kumwomba Hippolyte msamaha. Alinipa kiti na sarafu ya Mama Emilienne.

"Angalia hii nyota," alisema. "Uniambie ile unaona, hapana ile unataka."

Nilikosea mara nne. Baada ya wiki mbili alirudishwa chumbani, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua ufunguo upi unafungua wapi. Amenifundisha tangu hapo.

Wiki iliyopita, kwenye mazoezi ya sherehe ya kumuaga, alikabidhiwa cheti chake cha kustaafu. Alikielekeza dirishani. Kimeandikwa "Hipolite", na miaka yake ya kazi ni ishirini na tatu. Alikirudisha kwa adabu. Mwenyekiti amesema ni mambo madogo, cheti kinang'aa vizuri. Bwana Kapinga amesema atasubiri.

Ahsante, Papa Hippolyte. Upumzike na Mama Marthe kwa afya na amani, hata ikibidi uende bila cheti.

Arlène, Kitengo cha Sarafu