Maoni Yetu 214: Risala ya Wauza Mboga wa Soko la Kagaita

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Masoko wa kaunti yetu, tunapinga.

Tunapinga kanuni mpya inayotaka mboga zote ziuzwe ghorofa ya pili ya jengo jipya la soko kuanzia Jumatatu. Neno hilo tumelitanguliza kabla ya salamu, na sababu utaisikia. Sasa, hujambo? Karibu Kagaita. Chai inakuja.

SISI NI NANI

Sisi ni wauza mboga 215. Tunauza kabichi, sukuma wiki na karoti hapa chini, kando ya barabara ya kwenda Giakanja, kwa sababu mnunuzi wetu hununua akipita. Tulianza soko hili likiwa matope matupu.

Tena tunakumbuka mambo. Mwaka wa 1996 chifu alituambia tuinue mikono. Tukainua, halafu ndio akatueleza tulichokubali. Mwaka wa 2014 tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa kutoa maoni. Tulitia sahihi karatasi ya mahudhurio ndipo tupewe soda na mkate, na karatasi ile ikaja kuitwa idhini yetu. Kwa hivyo mwaka huu, tulipoambiwa maoni yatatumwa kwenye tovuti ya kaunti, kila mtu na simu yake, tulishangilia. Tulisema sasa hawatuwezi.

TULIYOYAFANYA

Hapa watu huandika mafanikio. Sisi tunaandika aibu.

Katibu wetu, Wambugu, alitunga maoni ya wote, akayaweka kwenye kundi letu la WhatsApp, kila mtu anakili na kutuma. Aliyatunga vile tumezoea kuandikia serikali tangu zamani, shukrani kwanza na kilio baadaye. Yalianza hivi: "Tunaishukuru sana serikali yetu tukufu kwa kanuni hii nzuri na kwa jengo hili la kisasa." Mistari minane ya sifa. Mstari wa tisa ndio ulisema, "Hata hivyo, tungeomba mboga zibaki chini."

Mtu mmoja alikataa kunakili. Ni Cucu Wakiuru, nyanya yetu wa miaka sabini na minne, aliyevunjika nyonga na sasa anatembea kwa mkongojo. Alimwambia mjukuu wake, Shiku, amwandikie: "Sitaki. Mguu wangu hauwezi ngazi." Basi, akatuma.

Tulimcheka. Rehana, muuza ndimu, alimwambia, "Ai, Cucu! Hata salamu hujaipa serikali?"

"Salamu ya nini?" akajibu. "Kwani nimealikwa chakula ama nimeulizwa swali?"

Wambugu akamwambia asituharibie jina, ati serikali haiongeleshwi hivyo. Tukampigia makofi Wambugu. Naam, sisi hawa hawa tulipiga.

Mwezi jana matokeo yalibandikwa kwenye lango la soko. Kutoka Kagaita, wanaounga mkono ni 214. Anayepinga ni mmoja.

Tulikimbia kwa afisa anayeshughulikia maoni. Alitufungulia kompyuta, akatuonyesha majina yetu moja moja.

"Maoni yalikuwa zaidi ya elfu nne," akasema. "Tulisoma sentensi ya kwanza, tukapanga. Nyinyi mlisema kanuni ni nzuri."

"Na mstari wa tisa?" Wambugu akauliza.

"Mzee, kama ulikuwa unapinga, mbona hukuanza na kupinga?"

Tulirudi sokoni na hakuna aliyetaka kupita karibu na meza ya Cucu.

SHIDA ILIYOPO

Ngazi za jengo ni arobaini na sita. Sisi wengine tutapanda tukinung'unika. Cucu hawezi, na biashara ya miaka thelathini na moja itamwisha Jumatatu. Jana alijaribu. Alifika ngazi ya saba, akaketi, kabichi moja mapajani. Hakutulaumu. Aliuliza tu kama huko juu kuna baridi. Heri angetutukana.

Mheshimiwa, umekuja na makasi kukata utepe wa jengo ambalo umeambiwa tulilisifu. Kutosoma ni kosa lenu, na tutalikumbuka kama tunavyokumbuka la chifu. Lakini aliyesema "nzuri" si afisa. Ni sisi. Mmoja wetu alijibu alichoulizwa, tukamwona hana adabu.

MAOMBI

Fungueni tovuti tena kwa siku saba, na maoni yote yasomwe hadi mwisho. Safari hii kila mtu atajiandikia.

Kama hilo limeshindikana, toeni majina yetu 214 kwenye orodha ya wanaounga mkono, hata jengo likibaki. Tushindwe, lakini tusiandikwe kwamba tulipenda.

Na hili hatutaki lishindikane: Cucu abaki chini na meza yake, hata kama sisi wote tutapanda.

KUMALIZIA

Tulimwekea Cucu kiti hapa mbele karibu nawe, akakikataa. Yuko pale nyuma yako, ngazi ya saba, na kabichi zake. Utepe uko juu, kwa hivyo itabidi umpite. Sisi hatutamwondoa. Na akikuambia neno, hatutamwambia asalimie kwanza.

Mungu akulinde, Mheshimiwa, na akupe subira ya kusoma. Shukrani zetu zipo. Safari hii zinangoja mwisho.

Ni sisi, Wauza Mboga wa Soko la Kagaita:
Wakiuru, aliyepinga.
Na wengine 214, waliochelewa.

Imesomwa na Wambugu, katibu, aliyetunga ile mistari minane.