Maman Georgette M'Akonkwa, Mumewe na Ligne ya Panzi

Ndugu wafiwa, wakristu wenzetu, majirani na ninyi nyote mliotoka mbali: kabla ya lolote, Papa Patrice, mume wa marehemu, ametoa ruhusa wivu wake usemwe hadharani. Alisema mbele ya familia nzima kwamba tukiuficha, wasifu huu utakuwa na mashimo kama barabara ya Kamituga. Ruhusa hiyo sisi mashemeji zake tumeipokea kwa mikono miwili, na tutaitumia.

Georgette M'Akonkwa alizaliwa Bunyakiri tarehe 14 Machi 1970, binti wa pili wa Papa Akonkwa, muuguzi wa kituo cha afya, na Maman Colombe, mkulima. Siku hizo mtu wa Bunyakiri aliyetaka kufika Bukavu alingoja lori, na lori lilikuwa na kiburi chake. Mama yetu hakuchoka kusimulia jinsi Georgette, akiwa bado mtoto mdogo, alivyomkabili dereva mmoja mbele ya watu wazima: "Papa, kama uko unaenda, sema unaenda saa ngapi." Dereva alinuna, abiria wakacheka, na lori likaondoka lilipotaka.

Alisoma shule ya msingi Bunyakiri, kisha akapelekwa Bukavu kwa masista, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1989. Chuoni alichagua jiografia. Mwalimu wake alimshauri aandike juu ya mito au volkano, mambo yenye heshima. Yeye akaandika juu ya akina mama wa Kadutu na njia wanazopita kufika soko la Nyawera na mizigo yao. Alimaliza mwaka 1995, akaanza kufundisha katika sekondari moja, lycée ya Ibanda, na wanafunzi wake waliopo hapa wanakumbuka kwamba kazi ya nyumbani ilikuwa kuchora mlima wanaoupanda kila siku kwenda shule.

Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na Patrice Mugisho, mhasibu. Walikuwa wamefahamiana ndani ya taxi-bus, Nyawera, pale watu wanne wanapobanwa kwenye kiti cha watatu. Patrice alimpa nafasi ya dirishani, na kufika Panzi alikuwa amekwisha kujua jina lake, parokia yake na jina la baba yake. Hapo ndipo mkosi wote ulipoanzia. Mwanaume yule alijua vizuri kinachoweza kuota kwenye kiti cha taxi-bus, maana ndicho kilichompa mke. Tangu siku ya harusi hakutaka mtu mwingine yeyote akae pale alipokaa yeye. Mungu aliwajalia watoto wawili, Chancelle na Destin.

Mwaka 2009 Georgette aliacha kufundisha, akaajiriwa katika ofisi ya mji inayoshughulikia usafiri. Wenzake walifanya kazi mezani. Yeye alitoka asubuhi, akapanda taxi-bus mpaka mwisho wa ligne, yaani njia yake, akashuka, akapanda nyingine. Aliongea na kila aliyeketi kando yake: unatoka wapi, unaenda wapi, mbona unashuka hapa na kwako ni kule juu? Mawazo yake yalitoka humo. Kituo kikiwa katikati ya mteremko, alisema, mama mwenye kapu kichwani hawezi kukishukia, basi kipelekwe pale palipo sawa. Jina la mwisho wa ligne liandikwe kwenye kioo, na lililoandikwa ndilo lifuatwe. Adui yake mkubwa lilikuwa jambo tunalolijua sote, demi-terrain: dereva anasema Panzi, anafika kituo cha Essence, nusu ya njia, anageuza, na wewe unatafuta gari nyingine na kulipa upya.

Madereva walimpenda hata alipowagombeza. Walimwita Maman Ligne. Jina hilo lilimchoma Papa Patrice kama pilipili jichoni. Alikuwa akiuliza nyumbani, "Ni nani amekupatia ile jina? Iko na sura gani?" Akanunua gari, Toyota Carina ya kijivu. Watu walidhani mhasibu amejipatia starehe. Wapi! Gari lile lilinunuliwa na wivu. Alilisafisha, akalileta mlangoni, akamfungulia mke wake. Georgette alilisifu, akalipigapiga mgongoni, akasema, "Papa Chancelle, nikikaa mu gari yako, nitajua nini ya njia?" Akateremka kwa miguu kwenda kupanda taxi-bus. Kwenye Carina alipanda Jumapili tu, kwenda misa.

Basi Papa Patrice akaanza kumfuata. Asubuhi kabla ya kazi, na jioni baada ya kazi, Carina ilikuwa nyuma ya taxi-bus, kituo kwa kituo. Taxi-bus ikisimama, naye anasimama. Mji mzima ulijua. Kulikuwa na convoyeur mmoja, mpokea nauli aitwaye Bijou, aliyekuwa akitoa kichwa mlangoni na kupaza sauti ili hata wa nyuma kabisa wasikie: "Maman Ligne, bwana yako iko nyuma, tumungojee?" Abiria walikufa kwa kicheko. Georgette alicheka nao. Nyuma, ndani ya gari, mwanaume alikuwa akisaga meno, maana aliona mke wake anacheka na hakujua anacheka na nani.

Alifuata vile karibu mwaka mzima, hakuona mwanaume wa kumkamata. Aliona kitu kingine, na kilimtoka siku ya ugomvi. Ilikuwa saa ya chakula, mwaka 2015. Georgette alikuwa akieleza kwa furaha kwamba ligne ya Panzi sasa inakwenda vizuri, gari zinajaa tangu zinapoanzia. Papa Patrice akapiga meza: "Weye unahesabiaka tu benye beko ndani! Na benye banabakiaka ku barabara, nani anabahesabia? Miye niko nabaona kila asubui. Bus inafika Essence imejaa, inapita. Maman na mutoto mugongoni anabakia, mvula inamunyeshea. Weye uko unacheka mule ndani na ba-chauffeur!"

Georgette aliweka kijiko chini. "Rudilia," akasema.

Papa Patrice alidhani ameshinda, akarudilia yote kwa sauti kubwa zaidi, akaongeza na mengine. Alipomaliza mke wake akamwambia, "Kesho tutapanda wote mu gari yako. Lakini itafuata bus." Hivyo ndivyo mume huyu alivyopata alichokitaka tangu anunue gari. Mke alikuwa kando yake kila asubuhi, na macho yake yote yalikuwa nje, kwa watu wa Essence. Papa Patrice mwenyewe anasema hajawahi kuona wivu kama wa majuma yale. Angalau zamani hakuwa na haja ya kumtazama usoni akiwatazama wengine.

Ndani ya Carina hiyo ndimo lilimotoka wazo ambalo wengi wenu mnalipanda kila siku bila kujua. Kila asubuhi gari kadhaa zianzie Essence zikiwa tupu, zichukue waliobaki, ziende moja kwa moja mpaka Nyawera kwa nauli moja. Ile nusu ya njia iliyokuwa wizi ikawa huduma. Papa Bisimwa, mkubwa wa madereva, alipinga kwa miezi. Aliuliza ni mwendawazimu gani anayeanza safari na gari tupu. Georgette alimpeleka Essence asubuhi moja yenye mvua, akamsimamisha kati ya watu, akamwacha pale mpaka akaloa. Gari za kwanza zilianza tarehe 4 Aprili 2016.

Siku ya kusherehekea jambo hilo, kwenye ukumbi wa commune, walimpa Georgette neno. Alisimama akasema, "Hii idée, muzazi wake ni wivu ya bwana yangu. Mumupigie yeye makofi." Watu walipiga makofi, wakapiga na vigelegele, na madereva wakaanza kumwita Papa Ligne. Papa Patrice aliinuka na koti lake zuri, akawajibu: "Miye nilioa bibi, sikuoa ligne." Akaketi. Lakini tuliokaa kando yake tulimwona akitabasamu, asitudanganye leo.

Mwezi wa Novemba 2023 Georgette alianza kuvimba miguu. Waganga wa hospitali wakakuta ni ugonjwa wa figo. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na tangu Februari hakutoka. Papa Patrice aliomba likizo, akahamia kando ya kitanda. Hakuna dereva, hakuna convoyeur, hakuna ofisi. Alikuwa naye peke yake. Lakini kila asubuhi mgonjwa alimwuliza, "Ku Essence iko namna gani?" na kumtuma akaone. Mara ya kwanza alikwenda kukaa ndani ya gari uwanjani mwa hospitali, akarudi akasema mambo iko sawa. Georgette akamwambia, "Ulilala mu gari, Papa Chancelle." Tangu hapo akawa anakwenda kweli, akinung'unika, na anarudi na habari zote: nani amesimama, gari ipi imechelewa, Bijou amepata mtoto.

Mwishoni mwa Aprili, asubuhi moja, Georgette hakuuliza. Papa Patrice alikaa akingoja aulizwe. Miaka yote alitamani siku ambayo mke huyu angeamka bila kutaja ligne, na siku ilipofika alitoka nje akalia ukutani. Akaenda Essence bila kutumwa. Akarudi, akamwinamia, akamwambia: "Maman Chancelle, bus imetoka tupu. Bote bamepanda." Alifanya hivyo kila asubuhi, bila jibu, hadi Jumatatu tarehe 6 Mei 2024, saa mbili za asubuhi, Maman Georgette alipotuaga.

Madereva walipokuja kwenye matanga kuomba wamsindikize, tuliogopa. Tulijua mdomo wa shemeji yetu. Aliwatazama, akasema: "Muchukue. Kama angeamuka leo, ningebaachia yeye tangu asubui mpaka magaribi, kila siku. Arudie tu ku nyumba."

Marehemu ameacha mume, Papa Patrice Mugisho, aliyedai jina lake litangulie, na tumelitanguliza. Ameacha watoto Chancelle na Destin, mkwe mmoja na wajukuu wawili, mama yake Maman Colombe, dada yake Marcelline na mdogo wake Laurette. Tulipomsomea shemeji yetu haya jana, tulifikiri tumemaliza. Papa Patrice alituuliza, "Na bale ba Essence?" Tukamjibu kwamba hapa wanaandikwa wafiwa. "Njo ile niko nasema," akajibu. "Mubaandike. Na bo bamefiwa."

Tumewaandika. Maman Georgette na apumzike kwa amani. Alikuwa wetu sote.