Ufa wa Tanuri

Nje ya kibanda cha kinyozi, mtaa wa wafinyanzi, Athene, pana benchi la mawe lisilokosa wabishi. Alasiri ile ya sikukuu ya mungu wa mvinyo walikuwa wametoka kutazama mchezo wa mfalme aliyetabiriwa kwamba binti yake angeuteketeza mji. Mfalme akamfungia mnarani. Binti akawasha moto ili watu wamwone wamtoe, na upepo ukamalizia. Wengi walilia. Stratoni mfinyanzi hakulia, alikuwa amefura. Mwezi ulikuwa haujaisha tangu tanuri limwangukie mdogo wake Teleso, na mwenye tanuri, Hegesia, alikuwa amekaa benchi lilelile, anatema kokwa za zeituni.

— Mmeona? alisema Hegesia. Hata mfalme hakuweza. Likishaandikwa limeandikwa. Ajali haina kinga.

— Ajali ipi? Stratoni akamgeukia. Ule ufa tulikuonyesha mara tatu. Ukasema tuchome mzigo mmoja wa vyungu tu, halafu tutaona.

— Uchungu wako naujua, kijana wangu. Lakini siku yake ilikuwa imefika.

— Usiniite kijana wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe hukuziba, umetujengea kaburi.

Bundi, mzee aliyepiga makasia vitani mpaka macho yakamtoka kodo, akaingilia.

— Muacheni mwenzenu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Babu, mfalme alilisikia la mkuu, ndipo guu likavunjika, akasema kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Domo. Kosa lake ni kuuliza. Asingekwenda kwa mtabiri, binti angeolewa na mji ungekuwepo.

— Asingeuliza, moto ungetokea jikoni, Bundi akajibu. Miungu wakitaka kuni hawakosi. Na wao wenyewe wamefungwa, msidhani. Kuna vikongwe watatu wanasokota uzi wa maisha huko juu. Hata radi hupigwa kwa zamu.

— Kumbe. Basi nilipomkata sikio yule muuza samaki, wembe ulitumwa. Sasa mimi nilimwomba radhi ya nini?

— Ya woga wako.

Wakacheka. Stratoni hakucheka.

— Chekeni tu. Kila mwenye damu mikononi leo ametoka kule mchezoni amenawa. Hegesia, kama hakuna mwenye kosa, mlangoni kwako komeo la nini? Si mwizi naye kaandikiwa?

Hegesia akatafuna zeituni yake taratibu.

— Nakupeleka barazani kwa waamuzi, Stratoni akaendelea. Aliyemuua ndugu yangu atajulikana. Awe nani, awe na mali kiasi gani, atatajwa mbele ya watu.

Kwenye kigoda cha Domo alikaa mgeni kutoka Megara, shavu moja limenyolewa, jingine bado.

— Samahani, ndugu zangu, akasema. Mimi sijui desturi za matanuri yenu. Siku ile zamu ya kuingia tanurini ilikuwa ya nani?

Domo akasimamisha wembe. Bundi akaanza kukagua viatu vyake. Hegesia akainua uso, akamtazama Stratoni, akauinamisha.

Zamu ilikuwa ya Stratoni. Alikuwa ameamka na ulevi wa jana yake kichwani, akamwambia mdogo wake, nishikie leo, kesho nitakushikia. Teleso akaenda huku anapiga mluzi.

Mgeni akarudisha shingo nyuma anyolewe.

Stratoni akainuka. Hasira ilikuwa palepale kifuani, ila sasa ilimuuma yeye pia.

— Ufa ulikuwa wako, akamwambia Hegesia. Hilo haliondoki.

Kisha akashika njia ya kwa mjane wa Teleso, ambaye mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amemwambia zamu ilikuwa ya nani.