Historia ya Bwana Mistari na Mashine Yake ya Prosesa Mbili

Wapendwa ndugu, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi mdogo wake marehemu niwasomee safari ya kaka yetu hapa duniani, nami nakiri kwamba shule yangu ni fupi, na mambo ya kompyuta yaliyomo humu nimeyapata kwa shemeji yangu, mjane wa marehemu, aliyenisahihisha hadi asubuhi hii, kwa hiyo palipo sawa mshukuruni yeye na palipopinda mnisamehe mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba seremala na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, na kabla hajajua kusoma alikuwa tayari anachukua penseli ya baba, ile bapa ya maseremala, na kupiga mistari kwenye kila kipande cha mbao kilichobaki, hata siku moja akapiga mistari kwenye mlango wa chooni, baba akamchapa kwanza, kisha akarudi kuitazama na kusema kwamba imenyooka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na huko ndiko alikopata jina la Bwana Mistari, kwa sababu aliwapigia wenzake mistari ya pembeni kwenye madaftari yao, bure, na aliyeharakisha kufunga daftari lake kabla wino haujakauka alikuwa anapigiwa mistari upya. Akaendelea na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, ambako hesabu zilimkubali na lugha zikamkataa, na mwaka 1977 akahitimu chuo cha ufundi kwa cheti cha uchoraji wa majengo.

Tarehe 16 Januari 1978 aliajiriwa na ofisi ya wahandisi iliyokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, akapewa meza iliyoinama, rula ndefu, kalamu za wino na wembe, maana siku hizo ukikosea mstari uliukwangua kwa wembe, taratibu, na karatasi ikibaki nyembamba pale ulipokosea, kwa hiyo mtu yeyote akiinua mchoro wako kwenye mwanga aliyaona makosa yako yote. Mwaka 1986 kosa moja lilipita bila kukwanguliwa. Alichora ngazi ya jengo la ghorofa mbili, na kipandio kimoja kikawa kirefu kuliko wenzake kwa kiasi cha upana wa kidole, fundi mwashi akajenga kama alivyochorewa, na watu wakaanza kujikwaa pale pale, mahali pamoja, mzima na mgonjwa, mwenye viatu na asiye na viatu. Hakufukuzwa kazi, wala hakuna aliyevunjika, Mungu ashukuriwe, lakini kwa miaka mingi alikuwa akipita pale Jumamosi, anasimama chini ya ngazi kama mtu aliyepanga kukutana na mwenzake, akitokea mama mwenye mzigo anaupokea na kumpandishia hadi juu, akina mama wakidhani ni mlinzi mwenye roho nzuri.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na fundi cherehani aliyekuwa na banda mkabala na duka la rangi, ambaye ndiye mjane wetu aliyekaa hapa mbele, na walivyofahamiana ni hivi, kwamba marehemu alipeleka kitambaa cha suruali pamoja na mchoro wa suruali hiyo, umetazamwa kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka juu, vipimo vyote vimeandikwa, naye fundi akaugeuza huku na huku, akamwambia, "Kaka, mimi nashona suruali, sijengi daraja." Suruali ilishonwa kwa kufuata mchoro ule ule, na marehemu akawa anapata kisingizio cha kuleta vitambaa hadi mshahara ukamwishia. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza ambaye ni muuguzi, kijana wa pili anayeuza na kutengeneza simu, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, pamoja na wajukuu watano.

Sasa nafika kwenye ile mashine, ambayo wengi wenu mmeiona pale chumbani na wengine mmekuwa mkiniuliza tangu msiba ulipoanza ni kitu gani. Ofisi iliinunua mwaka 2010 kwa ajili ya kazi nzito, wakati marehemu amekwisha kuacha wino na kuzoea kompyuta, nayo si kompyuta ya kuandikia barua, ina prosesa mbili na kila moja ina viini sita, kwa hiyo ni kama vichwa kumi na viwili vinavyofikiri nguzo moja kwa wakati mmoja, ina kadi ya michoro iliyo ndefu kama mkono wa mtoto, diski nne zinazochomolewa kama droo za kabati, pawasaplai, yaani kile kinachogawa umeme humo ndani, ya wati elfu moja na mia moja, na kasha la chuma na alumini ambalo halina haja ya bisibisi, unavuta kishikio ubavuni, ukuta wote unafunguka. Lakini kilichomshika moyo marehemu ni kumbukumbu yake, vijiti kumi na viwili vya gigabaiti nne kila kimoja, jumla arobaini na nane, ambayo ni kumbukumbu ya aina inayojikagua, yaani namba moja ikigeuka humo ndani kwa bahati mbaya, yenyewe inaiona, inairudisha mahali pake, na kazi inaendelea bila kupiga kelele wala kumwaibisha mtu. Alilieleza jambo hilo kwa kila mgeni, na kwa mchungaji alilieleza mara mbili.

Alistaafu tarehe 30 Aprili 2016, na ofisi ilikuwa imemwandalia saa ya ukutani, lakini mashine ile ilikuwa imekwisha kutolewa kwenye korido ikingoja kwenda kwenye vyuma chakavu, kwa sababu vijana walikuwa wameletewa mpya, naye akaomba kwa adabu kwamba saa waibakize, wampe ile. Mimi nilikuwa mmoja wa wawili walioibeba kuiingiza ndani, mgongo wangu unaikumbuka, na jirani wa upande wa kushoto alitoka kutupongeza kwa kununua friji. Iliwekwa chumba cha mbele, meza moja na cherehani ya shemeji, na tangu siku hiyo shemeji akawa anaiita mke mwenza, asubuhi feni zikianza kuvuma anauliza kutoka jikoni kama mke mwenzake ameamka, na marehemu anajibu kwamba ameamka, tena hana maneno mengi kama wengine. Alikuwa na sheria moja tu juu yake, kwamba haizimi mtu mwingine isipokuwa yeye, na anaizima kwa utaratibu, kwanza kuhifadhi kazi, kisha kuifunga, kisha kuiamuru ilale, kungoja feni zinyamaze na taa ya mbele izimike, ndipo mkono uende kwenye soketi.

Jumapili ya tarehe 21 Oktoba 2018, na hili shemeji ameniamuru nilisome, nilipotaka kuliruka akakataa, walikuwa na wageni kwa chakula cha mchana baada ya ibada, ndugu wa upande wake waliotoka mbali, marehemu akiitwa mezani akaitika kwamba anakuja, akaitika tena kwamba anakuja, chakula kikapoa, na shemeji akaingia chumbani wakati mumewe ametoka kunawa, akachomoa waya, akachomeka pasi yake mahali pale, akasema umeme ulikatika kidogo. Kazi aliyoianza marehemu tangu Ijumaa bila kuzima mashine wala kuihifadhi ilipotea, maana naye, pamoja na sheria zake, alikuwa na ugonjwa wa kusahau kuhifadhi. Alitazama skrini, akatazama pasi, akasema basi, ataanza upya, akaenda kula na wageni na kuwachekesha hadi jioni, na shemeji anasema sahani yake aliirudisha jikoni kama ilivyopakuliwa.

Mwaka 2022 kamati ya zahanati ya mtaa wetu, ile ambayo mama yetu aliitumikia kama mkunga, iliamua kuongeza ghorofa kwa ajili ya wodi ya wazazi, na marehemu akajitolea kuchora, bila malipo, ngazi pamoja na njia ya mteremko ya kusukumia vitanda, chini ya usimamizi wa mhandisi kijana wa ofisi yake ya zamani. Sote tuliojua habari ya mwaka 1986 tulielewa anachokitafuta. Tarehe 3 Februari 2023 alipatwa na kiharusi kilichochukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya maneno, akakaa hospitali wiki kadhaa, aliporudi nyumbani mtu pekee aliyeelewa anachosema alikuwa mkewe, na jambo la kwanza alilouliza ni ngazi.

Kisha mnamo Agosti mashine nayo ikaugua. Ilipowashwa ilipiga mlio mara tano, taa ya mbele ikawa nyekundu, ikakataa kuamka, na ule mchoro ulikuwa haujamalizika wakati mafundi wamekwisha kuchimba msingi. Kijana wetu wa pili, kwa mapenzi kabisa, alimletea baba yake kompyuta mpakato mpya, nyembamba kama sahani, akachomoa diski za mashine na kuhamishia mchoro wote humo, nayo ikaufungua, ikapata joto, ikakwama, ikafungua tena, ikakwama tena, kwa sababu jengo zima lilikuwa mle ndani, nondo kwa nondo, na kijana wa watu akabaki anaipepea kwa gazeti. Mhandisi alisema kwa heshima kwamba ngazi anaweza kuchora mtu mwingine. Marehemu aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo siku nzima bila kula, na shemeji akatambua kwamba mumewe anaondoka na kile kipandio chake cha mwaka 1986.

Ndipo shemeji alipofunga banda lake la kushonea, akamsogeza mumewe kwenye kiti karibu na meza, akavuta kile kishikio cha ubavuni, na anasema alishangaa, ndani mlikuwa safi na mmepangwa kuliko kabati lake la nguo, kila cha kushikwa kimewekewa alama ya kijani ili usishike kisichoshikwa. Marehemu alielekeza kwa mkono wa kushoto na kwa yale maneno yaliyobaki, naye akachomoa vijiti vya kumbukumbu kimoja kimoja, akasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, akavirudisha hadi vilie ka, kwa mikono ile ile inayotunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akiwa katikati ya kazi hiyo, kichwa kimo ndani ya mke mwenza, alishindwa kuvumilia, akakiri habari ya Jumapili ile, ya waya na ya pasi, akiongea na mashine kwa sababu hakuweza kumtazama mumewe.

Marehemu alijibu polepole, kila neno likichukua muda wake, "Redio ya jirani haikunyamaza. Nilijua umeme upo." Akapumzika kidogo, akaongeza, "Haya, lete kinachofuata."

Miaka karibu mitano alilijua jambo hilo, na shemeji anasema hakuwahi kulisikia hata kwenye ugomvi, na ugomvi ulikuwepo, tusidanganyane mbele ya Mungu.

Kijiti kilichokufa kilikuwa kimoja, wakakitoa pamoja na wenzake wawili ili vilivyobaki vikae kwa mpangilio unaotakiwa, mashine ikaamka na gigabaiti thelathini na sita, feni zikavuma kwa nguvu kisha zikatulia, na marehemu akalia kwa jicho moja, lile lililokuwa likitii. Kuanzia hapo shemeji ndiye aliyeshika kipanya cha kompyuta na kubonyeza vitufe, mumewe akisema juu, chini, rudi, na ingawa hakuwahi kusomea uchoraji, vipimo havikumtisha, alisema kipandio na pindo la gauni ni kitu kimoja, kikizidi upande mmoja kila mtu anaona. Walimaliza tarehe 18 Novemba 2023, mhandisi akaukagua na kuutia saini, na wodi ikajengwa.

Mnamo Mei mwaka huu wa 2024, kabla wodi haijafunguliwa, tulimsukuma marehemu kwa kiti cha magurudumu kwenye njia yake ya mteremko hadi juu, akakaa pale kwenye kichwa cha ngazi, akamwomba mkewe ashuke chini kisha apande akiwa amefumba macho, bila kushika ukuta. Shemeji alipanda. Tulikuwa tumesimama pembeni na mikono yetu tayari kumdaka, fundi mwashi wa wodi hiyo amevua kofia, na mguu wake haukusita hata mara moja, akafika juu, akafumbua macho, akamkuta mumewe anatabasamu kwa upande wa kushoto.

Afya yake ilidhoofika kuanzia Julai kwa kiharusi cha pili na baadaye homa ya mapafu, alilazwa tarehe 20 Septemba, na alifariki dunia asubuhi ya Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, katika wodi ya wanaume ya hospitali, mkewe akiwa amemshika mkono, baada ya kuwauliza watoto mmoja mmoja kama wamekula.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia katika vipindi vyote vya ugonjwa, kwa mtaalamu wa mazoezi aliyevumilia kukosolewa jinsi alivyopanga vyuma vyake, kwa wafanyakazi wenzake wa ofisi ya wahandisi ambao wameleta ile saa ya ukutani, tumeipokea, kwa mhandisi, fundi mwashi na kamati ya zahanati, kwa mchungaji na waumini, na kwa majirani wote, hasa jirani wa upande wa kushoto, ambaye leo ni siku ya kwanza redio yake imenyamaza, tumeona upendo huo na tunamruhusu aiwashe kesho. Kama yupo ambaye marehemu alimkosea, kwa ukali wa rula au kwa kuchelewa mezani, tunamwomba amsamehe kama yeye alivyosamehe.

Kaka, ile mashine ilikuwa inawaka tangu ulipokwenda hospitali, hakuna aliyethubutu kuigusa. Leo asubuhi, kabla hatujatoka, mkeo aliingia peke yake, akahifadhi, akafunga, akaiamuru ilale, akakaa kwenye kiti chako akingoja feni zinyamaze na taa ya mbele izimike, ndipo akapeleka mkono kwenye soketi. Hakuna kilichopotea. Pumzika kwa amani, Bwana Mistari.