Bi. Wietske na Vita vya Kikohozi

Tarehe 31 Mei Bi. Wietske Oosterbaan anatimiza miaka ishirini na tisa akiwa msimamizi wa mlango na viti wa okestra yetu hapa Deventer, na siku hiyohiyo anastaafu. Wasikilizaji watamkosa. Wenye mafua watashusha pumzi.

Kazi aliianza kwa kuchana tiketi na kuonyesha watu viti vyao. Lakini sisi tunapiga ala za kale: fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, filimbi za mti ambazo sauti yake humezwa na karatasi ya pipi, na mabaragumu ya shaba yasiyo na vitufe, ambayo mimi ni mmoja wa wanaoteseka nayo. Nyuzi za utumbo zikipata joto hupoteza sauti yake, kwa hiyo hita ya kanisa tunamopigia huzimwa kabla hatujaanza. Hita ikizimwa, watu hukohoa. Bi. Wietske alipaswa kuchagua kati ya nyuzi na vifua vya watu. Akachagua nyuzi.

Silaha yake ilikuwa peremende, ambazo alizimenya kabisa nyumbani ili zisichakarishe. Alipita safu kwa safu na bakuli, akimkazia macho kila mwenye pua nyekundu. Diwani mmoja alipokataa kwa adabu, kanisa zima lilisikia jibu lake: "Chukua, baba. Sikuulizi kama unapenda!" Diwani akachukua mbili.

Nasi wanamuziki hatukusalimika. Msimu wangu wa kwanza, noti yangu ya juu ilipasuka mbele za watu. Wakati wa mapumziko, nikiwa nimejiinamia na bakuli langu la supu ya njegere, akanisogezea peremende. "Tia mdomoni, mwanangu. Hilo baragumu lako nalo lina kifua." Tangu hapo nimekula peremende nyingi mno.

Hasimu wake mkuu alikuwa Mzee Roelof Tichelaar, fundi baiskeli wa zamani, mkaaji wa safu ya tatu. Kikohozi chake husubiri hadi muziki utulie kabisa ndipo kianze. Peremende hazikumfaa, alizitafuna, na huko kutafuna kukasikika hadi kwetu.

"Roelof, si ukae tu nyumbani?"

"Nimelipia kiti, Wietske. Kifua kimenifuata chenyewe."

Waligombana hivyo misimu yote, na kila Jumapili Bi. Wietske alimwekea blanketi kwenye kiti kilekile.

Alichokitaka hakukificha: kabla ya kustaafu, tamasha moja tu lipite bila sauti yoyote kutoka vitini. Miaka yote hakulipata. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yake ya mwisho, na tulikuwa tunarekodi. Mzee Tichelaar alifika mapema, kola ya koti imesimamishwa hadi masikioni, akamkuta mlangoni.

"Leo nasikilizia nje, barazani. Zawadi yako hiyo. We funga mlango vizuri tu."

Bi. Wietske akampa blanketi lake aende nalo.

Kanisa likanyamaza. Watu walibana vikohozi hadi nyuso zikawaiva, na hakuna aliyethubutu hata kujikuna. Sehemu ya polepole ikafika, filimbi ikapita peke yake salama. Kisha ikaja noti yangu ya juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ikatoka safi. Hapohapo Bi. Wietske, aliyesimama kando ya kile kiti kitupu cha safu ya tatu, akaangua kilio, akatoa leso, akapenga. Kanisa lote likavuma kwa mlio wa pua yake.

Sehemu ile ilipokwisha, mlango ulifunguka. Mzee Tichelaar akanyata hadi kwake, akatoa kitu mfukoni.

"Chukua, bibi," akanong'ona. "Sikuulizi kama unapenda."

Fundi wa kurekodi anataka turudie pale palipoharibika. Mwenye noti ni mimi, na nimekataa. Nitapata wapi tena kupiga baragumu pamoja naye?

Bi. Wietske, tunakushukuru kwa moyo wote, na tunakupenda. Kuanzia msimu ujao una kiti chako safu ya tatu, pembeni ya Mzee Tichelaar. Blanketi bado ni moja. Ustaafu mwema, mama yetu, na ukohoe upendavyo.